Kalibu ya Mzee Ottorino

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimeishi Castelmuro miaka kumi na saba, nimeoa hapa hapa, na hadithi za wachawi za wazee wa milima hii nazisikiliza huku nakula, wala tonge halinikwami kooni. Lakini hii ya Armida, shangazi yake mke wangu, ni habari nyingine. Naisimulia kama alivyonisimulia mwenyewe, bila kutia chumvi. Chumvi imo ya kutosha.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, siku ya kawaida kabisa. Theluji ilikuwa inayeyuka na kudondoka kutoka mapaani. Armida alikuwa jikoni akichoma chapati za unga wa kastanya, zile njugu za miti ya milimani, na mumewe Gualtiero alikuwa karakanani, upande wa pili wa ukuta, akikoroga jasi, ule unga mweupe wa kumiminia sanamu. Castelmuro ni kijiji cha wamimina sanamu. Watakatifu, malaika, wachungaji na kondoo wa Krismasi, wote wanatoka hapa wakiwa weupe na wa baridi, na hakuna nyumba ambayo haina vumbi la jasi mpaka ndani ya sukari.

Mlangoni akasimama Nevio, mdogo wake Armida, ameshika mfuko mmoja wa nailoni. Miaka kumi na tisa hakuwa amekanyaga kizingiti kile.

"Dada," akasema. "Wamefunga."

Kweli walikuwa wamefunga. Serikali iliamua zile nyumba kubwa za wagonjwa wa akili zifungwe na watu warudi makwao, na ile ya bondeni ilikuwa inawatoa mmoja mmoja. Barua ya Nevio ilifika majuma mawili nyuma; Armida aliificha ndani ya kopo la kahawa kwa kumwogopa Gualtiero. Sasa mwenyewe kafika, na moyo wa Armida ulipasuka. Alimkumbatia, akalia, kwa sababu yeye ndiye aliyempeleka. Nevio alipokuwa na miaka ishirini na miwili, siku aliyovunja wachungaji thelathini wa jasi akisema nyuso zao zinameguka, baba yao Mzee Ottorino alitia saini, lakini kijana alikataa kutoka chumbani. Ni Armida aliyemwambia, "Twende mjini, tukakununulie viatu." Akamfuata kama kondoo. Viatu havikununuliwa.

"Safari hii huondoki," Armida alimnong'oneza. "Nikiwa hai, huondoki."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa ahadi yake, na yote aliyoyafanya baadaye aliyafanya kwa ajili yake.

Gualtiero alitoka karakanani mikono ikiwa myeupe mpaka viwikoni. Si mtu mbaya, Gualtiero. Ana ulimi mchungu tu, na woga mwingi chini yake.

"Karibu, shemeji," akasema. "Mwenye nyumba hakukutaka, lakini mwenye nyumba kafa. Pita."

Mzee Ottorino alikuwa amefariki mwezi wa kumi uliotangulia. Kitandani, akihesabu pumzi zake, alisema neno moja ambalo wote wawili walilisikia: "Nikiwa ndani ya nyumba hii, yule harudi." Akafa. Armida alijipa moyo kwamba maiti haina nyumba.

Nevio alipita. Alipoingia karakanani alisimama, akatazama ukuta unaoelekea mlango, akakunja uso.

"Mbona mmetundika shimo?"

Mume na mke wakatazamana. Hakuna mtu aliyekuwa amewaambia neno lile, na ilikuwa kweli tupu.

Hapa lazima nieleze desturi ya watu hawa. Akifa bingwa wa karakana, kabla hajazikwa, hupakwa mafuta usoni na kumwagiwa jasi. Ikishika, inabanduliwa, na hiyo ndiyo kalibu, yaani alama ya uso iliyobonyea kwa ndani. Ndani yake humiminwa jasi nyingine, ukapatikana uso wenyewe, macho yamefumbwa, na huo ndio hutundikwa ukutani mwaka mzima. Hakuna anayeugusa mpaka mwaka uishe. Kalibu yenyewe huvunjwa siku ile ile, vipande vikatupwa mtoni. Wazee wanasema kalibu ni mlango, ukishapita, funga.

Sasa Gualtiero alipomimina, nywele za masharubu ya mzee zilizobaki ndani ya kalibu zilinasa, uso ukatoka vipande vitatu, kalibu ikabaki nzima. Kengele za kanisa zilikuwa zimeanza kulia, jeneza liko mlangoni, padri anatazama saa. Gualtiero akafanya kosa ambalo ni mmimina sanamu peke yake anayeweza kulifanya. Alijua, kama wote wa kazi hii wanavyojua, kwamba kalibu ya uso ukiitazama kwa hatua tatu hivi, macho yako yanakataa kuona shimo. Tangu kuzaliwa umeona nyuso zikitokeza nje, basi jicho linakuletea uso unaotokeza. Na zaidi ya hapo, ukitembea, unageuka nawe. Wao hucheza na jambo hilo tangu utotoni, wanatishia wageni.

"Tundika kalibu," Gualtiero alimwambia mkewe. "Nani atajua?"

Hakuna aliyejua. Padri mwenyewe alilitazama shimo kutoka mlangoni akasema, "Kama yu hai." Mwezi baada ya mwezi mzee alikuwa pale ukutani, macho yamefumbwa, akimfuata kila aliyepita kutoka mlangoni hadi kwenye beseni. Armida alijua ni hila ya macho. Alijua, na bado alipita kwa haraka.

Kumbe Nevio hakudanganyika. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akapita kushoto, akapita kulia. "Shimo," akasema. "Inaingia ngumi nzima humu."

Hivyo ndivyo macho yake yalivyokuwa. Sauti nazo alikuwa nazo, lakini alisema amezizoea kama mtu aliyezoea majirani wenye kelele. Macho ndiyo yaliyomchosha. Mwanga wa adhuhuri ulimchoma. Jioni ngazi za mawe zilimpotea zikawa kitu kimoja cha kijivu, akazishuka kwa kupapasa. Na nyuso za watu ndizo zilizomtesa kuliko vyote.

"Naona jicho," alimwambia dada yake wakikoboa maharage. "Naona pua. Naona mdomo. Ninyi mnapewa mtu mzima mzima. Mimi napewa vipande, nijiunganishie mwenyewe."

"Na mimi je? Unanionaje?"

Nevio akamtazama kwa subira. "Wewe nimekwisha kukuunganisha, dada. Niliunganisha kule, miaka ile yote, nisije nikakusahau."

Armida alinyanyuka akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Kazini alikuwa hazina. Sanamu ikitoka kwenye kalibu inabaki na mishono, vistari vyembamba ambavyo jicho la kawaida linavipita. Nevio aliviona vyote, kila kimoja peke yake, akavikwangua kwa kisu kidogo. Hata Gualtiero alikiri, kwa shingo upande, kwamba watakatifu wa nyumba ile hawajawahi kuwa safi vile.

Kila mwezi alikuja daktari, Fiammetta Lunardi, mwanamke kijana mwenye gari dogo la kijani linalokohoa mlimani. Alileta dawa, akakaa, akanywa kahawa, akauliza maswali. Siku Armida alipomwambia habari ya shimo, kikombe kilisimama njiani.

"Hebu rudia, mama. Haoni uso? Hata kidogo?"

"Anaona shimo, daktari. Na ni shimo kweli."

Daktari alienda akatazama mwenyewe. Uso ukamgeukia. Akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa begani. "Nimewaona wagonjwa wengine wawili hivi hivi," akasema. "Akili yetu sisi inaliamuru jicho lione inachokitarajia. Kwao amri ile imelegea. Ajabu, eh? Yeye anayeitwa mgonjwa ndiye anayeona kilichopo." Akaandika katika daftari lake. "Dawa zikimkaa vizuri, pengine siku moja ataona uso kama sisi. Hicho kwangu kitakuwa kipimo."

Gualtiero alikuwa mlangoni, akasikia. Kipimo hicho akakishika kwa mikono miwili.

Maana mambo ya karakana yalikuwa yameanza kwenda kombo. Jasi ilikataa kushika. Mtu wa Castelmuro anajua jasi kama mama anavyojua maziwa yake. Unakoroga, unamimina, unavuta sigara moja, imeshika. Sasa unamimina asubuhi, jioni bado ni uji. Malaika walitoka bila vidole. Na Gualtiero hakutaka tena kufanya kazi akiupa ule ukuta mgongo.

"Mzee hamtaki," alimwambia mkewe chini chini. "Hukumsikia kitandani?"

"Magunia yako yameingia unyevu. Usinisingizie ndugu yangu."

"Sikiliza, Armida. Siku ya mwaka wa mzee, daktari akija, atamke. Kama kapona, abaki, nami nitafunga mdomo. Kama hajapona, kuna nyumba ya watawa kule pwani. Watampokea. Mimi sina nguvu za kuishi hivi."

Armida alirudi jikoni kukanda unga. Ilikuwa nyumba ya baba yake, lakini karakana ilikuwa ya Gualtiero sasa, na mkate wao wote ulitoka mle.

Mwezi wa sita Nevio alimfuata dada yake kwenye kamba ya nguo.

"Dada. Shimo linapungua."

"Linapunguaje?"

"Nilikwambia linaingia ngumi. Sasa lina kina cha bakuli."

Armida alidondosha vibanio kwa furaha. Alimpigia daktari kutoka duka la tumbaku, na daktari naye akafurahi: ndiyo, ndivyo inavyotakiwa, jicho lake linaanza kudanganyika, asiache dawa. Jioni ile Armida alipika sungura.

Nevio hakula. "Si macho yangu," alisema. "Kalibu nyingine zote ziko vile vile. Ni ile moja tu."

Maneno yale Armida aliyasikia, ila hakuyaweka moyoni. Mtu akiwa na njaa ya habari njema hachambui mchele.

Mwezi wa nane: "Kina cha sahani, dada."

Mwezi wa tisa: "Bapa. Kama karatasi."

Kila mara Armida alifurahi, na kila mara Nevio alizidi kukonda. Aliacha kukaa kwenye benchi la karibu na ukuta ule, akahamia dirishani, kwenye mwanga unaomchoma. Alikwangua mishono huku machozi ya mwanga yakimtiririka, mradi asikae pale.

"Unamwogopa baba?" Armida alimwuliza.

"Simwogopi. Namwona anavyojitahidi."

"Anajitahidi nini?"

Nevio alitazama mlangoni kwanza. "Kutoka."

Usiku huo Armida alisali rozari nzima, akalala, akajiambia ni ugonjwa. Ni ugonjwa tu. Kesho yake alipita karakanani kama kawaida yake, haraka, na uso ukamgeukia kama kawaida yake. Wala hakuona tofauti. Angeionaje? Yeye uso ule aliuona umetokeza tangu siku ya kwanza.

Ikafika siku ya mwaka. Asubuhi kulikuwa na misa, baada ya misa mvinyo kidogo na biskuti za anisi, majirani wakaondoka. Daktari alikuwa anakuja alasiri. Gualtiero alivaa shati jeupe, akaketi jikoni. Barua ya watawa ilikuwa mezani mbele yake, imekwisha kufunguliwa.

Armida alimvuta ndugu yake nyuma ya kabati la sahani.

"Akikuuliza habari ya baba, sema unaona uso. Umenisikia? Uso."

"Unataka nidanganye?"

"Nataka ubaki."

Nevio alimtazama muda mrefu, kipande kwa kipande. "Kama habari ya viatu," akasema.

Loo! Armida aliniambia, kwa miaka kumi na tisa alikuwa akingoja kuambiwa neno lile, na lilipokuja halikuwa na hasira hata chembe, na ndilo lililomkata. Akamshika mikono. "Nisamehe la viatu. Na hili nisamehe kabisa mapema. Sema uso."

Nevio alikwenda karakanani. Alikaa huko dakika moja, pengine mbili. Aliporudi midomo yake ilikuwa imepauka.

"Haina haja ya kudanganya, dada," akanong'ona.

Naye Armida, maskini, akamshukuru Mungu.

Daktari alifika saa tisa. Jua la vuli lilikuwa linaingia karakanani kwa mshazari, na vumbi la jasi limesimama hewani. Wakasimama wanne: daktari na daftari lake, Gualtiero karibu na mlango, Armida katikati, Nevio mikono nyuma. Mzee Ottorino ukutani.

Daktari hakuwa mjinga. Hakuanza na ukuta. Alichukua kalibu kutoka rafuni, ya Mtakatifu Rocco, akaisimamisha kwenye benchi, akarudi hatua tatu.

"Nevio, unaona nini?"

"Shimo."

Armida akafumba macho. Daktari akaweka nyingine, ya malaika.

"Hii?"

"Shimo."

Ya tatu, ya Bikira.

"Shimo, daktari. Na lina mchanga kidogo kwenye kidevu."

Kulikuwa na mchanga kidogo kwenye kidevu. Daktari akashusha pumzi, akaandika. Kisha akaelekeza kalamu ukutani. "Na ile?"

Nevio hakugeuka. "Uso," akasema.

"Hujatazama."

"Nimetazama asubuhi. Sitaki tena."

Daktari alifunga daftari taratibu, akamgeukia Armida, bila ukali. "Mama, nani kamfundisha?"

"Mimi," Armida akasema. Ya nini tena kuficha? "Mimi nilimwambia aseme hivyo. Nilitaka abaki."

"Nilijua," Gualtiero akasema. Akaonekana kama mtu aliyetua mzigo na kuona aibu kwa kuutua. "Basi. Nitawapigia watawa."

"Dada alinifundisha," Nevio akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini sikudanganya."

Hapo ndipo Armida alipoelewa.

Alielewa yote kwa mkupuo. Rocco ni shimo. Malaika ni shimo. Bikira ni shimo. Macho ya Nevio hayajabadilika hata kidogo. Hayajapona, wala hayajadanganyika. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu anayeweza kujua siku uso utakapotoka kweli. Naye alikuwa amewaambia. Bakuli. Sahani. Karatasi. Na wao wakapika sungura.

Akatazama ukuta. Uso ulikuwa pale, kama siku zote.

Akasogea. Hatua moja. Uso ukamgeukia. Hatua ya pili. Kwa kawaida, ukikaribia kabisa, hila inavunjika, unaliona shimo. Hatua ya tatu.

Haikuvunjika.

Akanyoosha mkono. Alijua vidole vinapaswa kwenda mpaka wapi. Amekulia katika kazi hii. Amesugua kalibu elfu moja. Vidole vinaingia ndani. Vinazama. Ndivyo ilivyo.

Viligota.

Viligota mapema. Kiganja kizima kabla ya ukuta. Kwenye kitu kigumu, chembamba, chenye mfupa. Pua. Chini yake, nywele ngumu zilizokatwa. Na ubaridi. Si ubaridi wa jasi, anasema; jasi huwa kavu. Huu ulikuwa na unyevu.

Kisha pumzi. Ndogo. Kwenye kifundo cha mkono wake.

Hakupiga kelele. Aliutoa mkono polepole, kama unavyoutoa kwa mbwa usiyemjua. Nyuma yake daktari alikuwa anasema jambo, kwa upole, na Gualtiero anajibu. Hawakuona kitu. Wangeona nini? Kwao uso ulikuwa umetokeza vile vile kama jana, kama mwaka jana.

Armida akachukua nyundo ya mbao kutoka benchi.

"Armida!" Gualtiero akasema. "Wewe! Wazimu umekuingia?"

Armida alimgeukia ndugu yake.

"Nipige wapi?"

Sasa, miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwuliza Nevio swali kama lile. Walimwuliza unasikia nini, umekunywa dawa, leo siku gani. Nevio aliinua kichwa. Akatazama ukuta, akalazimisha macho yake yabaki pale, na Armida aliona jasho likimchuruzika mashavuni.

"Si katikati," akanong'ona. "Katikati ndipo anapotaka. Chini ya kidevu. Amejishikilia hapo."

"Hapa?"

"Shuka kidogo. Kushoto. Hapo, dada. Sasa. Amefumbua macho."

Akapiga.

Pigo moja. Mlio wake haukuwa wa jasi. Gualtiero aliusikia, daktari aliusikia, na hakuna hata mmoja wao aliyekubali baadaye kusema ulifanana na nini. Kitu kikaanguka sakafuni, kikavunjika, vumbi likapanda. Ndani ya beseni, uji wa jasi uliokuwa pale tangu asubuhi ukatoa mlio mdogo wa kupasuka. Ulikuwa umeshika.

Daktari ndiye aliyeinama kwanza. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga. Vyote vilikuwa vimebonyea. Kipande cha shavu, kipande cha paji, kipande cha pua. Kalibu tupu, iliyovunjwa, kama ilivyotakiwa kuvunjwa mwaka mzima uliopita.

"Mama," akasema taratibu, "ni kalibu tu. Unaona?"

"Sasa naona," Armida akasema. Akairudisha nyundo benchini. "Daktari, andika unavyotaka. Andika hajapona. Andika anaona mashimo. Lakini haendi pwani, wala haendi popote. Gualtiero, ukiita watawa, waite wawili. Waje wanichukue na mimi."

Gualtiero hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama ukuta, mdomo wazi. Akanyanyua kidole.

Pale kalibu ilipokuwa imetundikwa, ukuta wa mawe uliopakwa chokaa ulikuwa umebonyea. Bonyeo la mviringo, laini, lenye upana wa kichwa cha mtu mzima. Chini yake mabonyeo mengine mawili, mapana, ya mabega. Kama mtu aliyeegemea pale kwa muda mrefu sana, kwa upande wa ndani ya mawe, akisukuma.

Daktari Lunardi, msomi yule, alitia vidole ndani ya bonyeo la juu. Akavitoa haraka. Katikati ya vidole kulikuwa na unywele mmoja mweupe.

"Nyumba za zamani," akasema. Aliupangusa unywele kwenye sketi yake, akaupangusa tena, na tena. Kisha akafungua daftari, akafuta mstari aliokuwa ameandika, akaandika mwingine: *Abaki na familia.* Akatia saini bila kuketi. Kahawa yake hakuinywa.

Barua ya watawa Gualtiero aliitia jikoni motoni mwenyewe. Jioni ile alimsogezea shemeji yake kiti cha upande wake wa meza na kumkatia jibini kipande kikubwa, na kwa Gualtiero huko ni kupiga magoti. Armida hajamwuliza tena ndugu yake kama amepona. Anamwuliza anaona nini, naye humwambia, na huwa anamwamini. Usiku ule alimwuliza moja tu: baba yuko wapi? Nevio alizunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, akarudi.

"Humu hayumo, dada. Lala."

Akalala.

Mimi niliingia karakana ile mara ya kwanza miaka mitatu baada ya hapo, siku niliyokuja kumchumbia mke wangu kwa shangazi yake. Wamejaribu kuliziba lile bonyeo. Saruji, chokaa, jasi. Hakuna kinachokaa. Sasa wameliacha, wamelisogezea rafu. Walipotoka kwenda kuleta chakula, nilisogeza rafu, nikaweka kiganja changu mle, kwa ubishi tu, ili nicheke.

Lilikuwa vuguvugu, kama mto wa kulalia wa mtu aliyeamka sasa hivi.